Nyumba ya nyuki juu ya mti: mizinga ya magome ya Kasaji na ardhi iliyoitwa tupu

Mwanzoni mwa mwaka 1854, mvua zikinyesha bila kukoma, msafiri Mskoti David Livingstone alipita katika nchi ya Walunda akitoka mto Zambezi kwenda Luanda, kwenye bahari ya Atlantiki. Homa ilimshika mara kwa mara na njia ilikuwa maji matupu. Lakini humo msituni, kabla ya kufika ziwa Dilolo, aliona kitu ambacho alikiandikia maelezo marefu: magome ya miti yaliyofungwa yakawa kama ngoma ndefu, yamelazwa juu ya miti mirefu, na nyuki wakiingia na kutoka. Aliandika kwamba mizinga hiyo ilionekana njia nzima kutoka pale hadi Angola, na kwamba nta yote iliyouzwa ng'ambo kupitia Benguela na Luanda ilitoka ndani yake.

Ziwa Dilolo leo liko upande wa Angola, karibu na mpaka. Kasaji, mji wa reli katika wilaya ya Dilolo, uko upande wa Kongo, na msitu ni ule ule wa miombo. Kwa hiyo maandishi yale ya 1854 ni kati ya maelezo ya zamani zaidi ya kazi ambayo Walunda, Wachokwe na Waluena wa pande hizi wameirithi kwa mikono, baba kwa mtoto, mjomba kwa mpwa, bila kitabu.

Kipimo alichokiandika msafiri huyo ni futi 5, yaani mita moja na nusu, za gome la mti wenye upana wa sentimita 40 hivi. Fundi anakata mzunguko mmoja chini na mwingine juu. Anapasua mstari mmoja wa wima kuunganisha ile mizunguko miwili. Kisha anainua gome polepole pande zote mbili za mpasuo, akiangalia lisivunjike, mpaka linatoka zima kama mtu anayevua koti. Gome lenyewe linajikunja tena na kurudi kwenye umbo la mti. Anashona au anapigilia vijiti vya mti kwenye mpasuo, anaziba ncha mbili kwa nyasi zilizosokotwa kama kamba na kuzungushwa, na katika ncha moja anaacha tundu dogo katikati. Basi, nyumba imekwisha. Hakuna msumari wala ubao, na hakuna pesa iliyotoka mfukoni.

Mpita njia haoni yote, lakini. Gome halitoki kwenye kila mti wala kwenye kila mwezi. Linataka mti ulionyooka, usio na tawi wala fundo mahali pa kukata, na linataka wakati ambapo maji ya mti yanatembea chini ya gome. Wakati wa ukavu mkali linashika kama gundi na kupasuka vipande. Miti inayopendwa ni ya jamii ya muombo, ile ile iliyoupa msitu huu jina lake, pamoja na mutondo. Ndani ya mzinga mpya fundi anapaka nta kidogo ya zamani ili harufu iwaite nyuki. Kisha anapanda nao juu, anaulaza kwenye tawi lenye panda, mbali na siafu, na mahali ambapo nyegere atapata taabu kufika. Baada ya hapo anashuka, anaondoka, anangoja.

Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Nyuki hawafugwi kama mbuzi. Kundi linaweza kuja baada ya wiki moja, linaweza kuja mwaka unaofuata, linaweza kukataa kabisa. Likiingia na kukuta unyevu, au moshi wa watu, au maua yameungua kwa moto wa mwisho wa kiangazi, linahama usiku mmoja na kuacha masega matupu. Ndiyo maana mwenye mizinga hatundiki mmoja. Anatundika kumi, ishirini, hata zaidi, akijua kwamba mingine itakaa bila mpangaji. Na ndiyo maana anachoma nyasi za chini mapema, mwezi wa tano au wa sita zikiwa bado na ubichi, ili moto mkubwa wa mwezi wa tisa usipate chakula. Wageni waliouona moto huo wa mapema mara nyingi waliuita uharibifu.

Kujengea nyumba kiumbe wa porini si jambo la nchi hii peke yake, na kuna mfano mmoja wa mbali unaosaidia kuona kilicho cha pekee hapa. Uingereza, katika karne ya 18 na ya 19, matajiri wenye mashamba walipenda mno kumwinda mbweha mwekundu, ndugu ya mbweha wetu, wakiwa juu ya farasi na kundi la mbwa mbele. Mchezo ulikua hata mbweha wakapungua. Basi wenye mashamba wakaanza kuwajengea mbweha mashimo. Walichimba handaki, wakajenga kuta za mawe au matofali, baadaye wakatumia mabomba ya udongo ya kupitishia maji. Mwisho wa handaki waliacha chumba kikavu cha kulalia, juu wakafunika udongo na vichaka. Handaki lilipewa mteremko ili maji yatoke, na mdomo ukaelekezwa mbali na upepo mbaya. Kisha watu walikaa mbali kwa miezi ili harufu yao ipotee. Kulikuwa hata na mtu wa kazi maalumu ya kuziba mashimo usiku wa kuamkia siku ya kuwinda, mbweha akiwa nje anatafuta chakula, ili asubuhi asipate pa kujificha. Na pale ambapo mashimo hayakutosha, mbweha waliletwa kwa meli kutoka bara la Ulaya na kuuzwa London, kwenye soko la Leadenhall. Uwindaji huo wa mbwa umepigwa marufuku England na Wales tangu mwezi wa pili 2005.

Ukiweka shimo la mbweha kando ya mzinga wa gome, akili ni moja. Pakavu, mlango mdogo, harufu ya mtu ipotee, uvumilivu. Yule wa Uingereza alijenga ili aue kwa mchezo, huyu wa msitu wa miombo alijenga ili ale na auze. Lakini wote wawili walijua kwamba mnyama si wao. Chao ni nyumba tu. Tofauti kubwa iko chini ya nyumba. Mwingereza aliyejenga shimo la mbweha alikuwa na karatasi ya shamba mkononi, na mahakama nyuma yake. Fundi wa mizinga alikuwa na kitu kingine, nacho Livingstone alikiona: dawa iliyofungwa kwenye shina la mti. Aliandika kwamba dawa hiyo ilitosha kabisa kuzuia wezi, kwa sababu kila mtu aliamini kwamba anayevunja agizo lake atapata ugonjwa au kifo.

Mtu anaweza kucheka habari ya dawa. Lakini tazama ilifanya nini. Ilisema kwa yeyote apitaye: mti huu una mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kijijini. Ardhi ilikuwa ya jamii chini ya chefu, mti ulikuwa wa msitu, nyuki walikuwa wa porini, na mzinga ulikuwa wa fulani bin fulani. Haki nne tofauti juu ya shina moja, na watu waliishi nazo bila kugombana sana. Ukambani kule Kenya mambo yalikaribiana na haya, maana wenye mizinga ya magogo walichonga alama za ukoo juu ya mizinga ili mwenyewe atambulike.

Nta ndiyo iliyofanya mizinga hii iwe jambo la historia, si la jikoni tu. Asali iliishia karibu: iliyoliwa ililiwa, nyingine ikawa pombe ya asali, mbote, ambayo hakuna sherehe iliyokamilika bila hiyo. Nta ilisafiri. Masega yaliyokamuliwa yalichemshwa kwenye maji, yakachujwa, na nta iliyoelea ikaachwa igande kuwa mabonge yanayobebeka. Wareno waliitaka kwa mishumaa. Baada ya mwaka 1836, serikali ya Ureno ilipokataza kusafirisha watumwa, ingawa biashara hiyo iliendelea kwa siri miaka mingi, wafanyabiashara wa pwani walizidi kutafuta pembe na nta. Misafara ya Waovimbundu ilipanda kutoka Bihe ikileta vitambaa, baruti na bunduki, ikashuka na mizigo ya nta vichwani.

Waliojua kazi hiyo kuliko wote walikuwa Wachokwe. Walikuwa wachache mwanzoni, kwenye nyanda za juu za Angola ambako mito ya Kasai na Kwango inaanzia. Walikuwa wawindaji, wahunzi waliojua kutengeneza bunduki zilizoharibika, na wajenzi wa mizinga. Bonge la nta lilikuwa bunduki. Bunduki ilikuwa tembo. Tembo alikuwa bunduki nyingine. Kuanzia miaka ya 1870 mpira wa porini ukaongezeka juu ya hayo. Wakasogea kaskazini na mashariki, vijiji vidogo vidogo, na katika miaka ya 1880 waliingia mpaka Musumba, mji mkuu wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, wakauteka. Walunda waliwarudisha nyuma baadaye, lakini Wachokwe wengi walibaki katika nchi hii, na vijiji vyao vimechanganyika na vya Walunda hadi leo. Vitabu vya shule vinasema habari ya bunduki. Havisemi mara nyingi kwamba bunduki zile zilinunuliwa pia kwa jasho la nyuki.

Wakati huo huo, mbali sana na Kasaji, kulitokea jambo la karatasi. Tarehe 1 mwezi wa saba 1885, serikali changa ya mfalme Leopold, Bulamatari mwenyewe, ilitoa amri kwamba ardhi zilizo wazi, zisizo na mtu, ni mali ya Dola. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini nani anaamua kwamba ardhi haina mtu? Kwa macho ya ofisa, shamba la muhogo lina mtu na nyumba ina mtu. Msitu wa miombo, saa tatu kwa miguu kutoka kijijini, hauna mtu. Kama hakuinua kichwa, hakuona mizinga. Kama aliiona, hakujua kwamba kile kitambaa kwenye shina ni hati.

Reli ilipita katika msitu huo. Mwaka 1931 njia kutoka Tenke kupitia Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji iliungana na reli ya Benguela kule Dilolo, na shaba ya Katanga ikaanza kushuka moja kwa moja mpaka Lobito. Njia waliyoikanyaga wabeba nta kwa miezi ikawa safari ya siku chache. Kule Kisenge ukafunguliwa mgodi wa manganizi. Wanaume wengi walikwenda kazini, na mizinga ikabaki kwa wazee na kwa wale ambao hawakuandikwa kwenye kampuni. Haikufa. Asali ilipanda treni kwenda Kolwezi ndani ya chupa na madebe. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Kabompo nchini Zambia, wajenzi wa mizinga ile ile ya magome, watu wa lugha zile zile, waliungana na kuuza asali yao Ulaya, kwa bei ya asali isiyo na dawa za viwandani. Jambo hilo linafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba mzinga wa gome ni wa kizamani.

Lipo lawama moja la haki juu yake. Mti uliochunwa gome pande zote unakufa. Mzinga mmoja, mti mmoja. Ndiyo sababu mashirika mengi yamehimiza mizinga ya mbao, kama ule wa vijiti vya juu uliobuniwa Kenya miaka ya 1970. Ni mizuri, ila inataka mbao, misumari na fedha kabla ya tone la kwanza la asali, na mara nyingine nyuki wanaikataa kwa sababu inashika joto kuliko gome. Na hesabu ya miti isemwe yote. Mwenye mizinga anaua miti michache kwa mwaka na analinda maelfu isiungue, kwa sababu bila maua hana kitu. Tanuru moja la makala linameza miti mingi kwa mara moja, na aliyelichoma hana sababu ya kurudi pale. Magunia yanayoshuka Kolwezi kila siku yanatoka mahali fulani.

Halafu kuna mambo ya kukimbia, ambayo familia za Kasaji zinayajua kuliko kitabu chochote. Tarehe 8 mwezi wa tatu 1977, wapiganaji wa FNLC, wengi wao jandarme wa zamani wa Katanga na watoto wao, walivuka mpaka kutoka Angola. Dilolo, Kisenge na Kasaji zilianguka haraka, kisha Mutshatsha. Jeshi la Mobutu liliporudi kwa msaada wa askari wa Morocco waliopakiwa kwenye ndege za Ufaransa, watu wa kawaida kwa makumi ya maelfu walikimbilia Angola, wengi kwa hofu ya kisasi. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, ikawa zamu ya Kolwezi. Mobutu alitangaza msamaha mwezi wa sita 1978, na wengi wakaanza kurudi. Upande wa pili, vita vya Angola vilileta Waangola huku, na kambi za Kisenge na Divuma ziliwashika kwa miaka mingi, hadi amani ya 2002 ilipowafungulia njia ya kurudi Moxico. Watu wa msitu mmoja walibadilishana ukimbizi.

Mtu anayekimbia anabeba mtoto, sufuria, pengine kuku. Mzinga wenye nyuki hauwezi kubebwa. Unabaki juu ya mti na nyuki wanaendelea na kazi yao kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyerudi baada ya mwaka mmoja angeweza kukuta mizinga yake imejaa, au imekamuliwa na askari wenye njaa. Aliyerudi baada ya miaka kumi hakukuta kitu, maana gome linaoza baada ya miaka michache na kuanguka. Na aliyezaliwa kambini alirudi na jina la kijiji bila kujua ni tawi gani la mti gani lilikuwa la babu yake. Kazi hii inafundishwa kwa kutembea. Mtoto asiyetembea msituni na mjomba wake kwa miaka kadhaa hapati darasa hilo mahali pengine.

Leo wengi wanahama bila bunduki. Eneo la madini limetanuka kuzunguka Kolwezi. Mwaka 2017 nyumba nyingi za sehemu moja ya mtaa wa Kasulo ziliondolewa kwa ajili ya kobalti, na vijijini vilevile watu wanaambiwa wahesabu mali zao ili walipwe. Kinachohesabiwa kwanza ni nyumba, halafu shamba, halafu miti ya matunda. Hapa ndipo habari ya mizinga inapokuwa na uzito wa fedha. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema kwamba udongo wote ni mali ya Dola. Lakini kifungu chake cha 388 kinaeleza ardhi za jamii za kienyeji kuwa ni zile wanazokaa, wanazolima au wanazotumia kwa namna yoyote ile, mmoja mmoja au kwa pamoja, kulingana na mila za mahali. Kwa namna yoyote ile. Msitu wenye mizinga unatumika, kwa hiyo si mtupu. Kifungu kinachofuata kiliahidi amri ya rais ya kupanga haki hizo, na miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Hata hivyo maneno ya 388 yamo ndani ya sheria, na familia inayokaa mezani na watu wa fidia ina haki ya kuyataja.

Swali litakaloulizwa mezani ni la ushahidi. Mzinga ulioanguka haupigwi picha. Wanaobaki kama mashahidi ni wazee wanaokumbuka nani alitundika wapi, na miti yenyewe. Mti uliotoa gome unasimama mkavu kwa miaka baada ya mzinga kuoza, na alama yake haifanani na ya moto wala ya shoka la makala: mkato mmoja wa mviringo chini, mwingine juu, mita moja na nusu katikati, na shina jeupe lililo wazi kati ya hizo mbili.